Mita 50

Katika mashindano ya dunia ya kuogelea, mchujo wa kwanza hufanyika asubuhi, viti vingi vikiwa bado vitupu na watangazaji wakiwa bado wanasimulia fainali za jana yake. Waogeleaji hupangwa kwa muda waliojiandikisha nao. Wenye muda mrefu hutangulia, wenye kasi husubiri makundi ya mwisho. Kwa hiyo anayetaka kuwaona Watanzania, Wakomoro, Warundi na Wanyarwanda sharti awahi, maana akiondoka kidogo kuchemsha chai atarudi akute wameshatoka majini na kundi la pili limeshapanda jukwaani.

Mimi huwahi. Nayapenda makundi hayo ya mwanzo kuliko fainali, na sababu yake si huruma. Fainali hukusanya watu wanane ambao kwa kawaida wamelelewa namna moja: bwawa refu la kufanyia mazoezi, kocha tangu utotoni, daktari, mtaalamu wa lishe, chumba cha kunyanyulia vyuma. Ukiwatazama unajua nani ana kasi. Mchujo wa kwanza unakujulisha jambo lililo kubwa zaidi, nalo ni nani katika dunia hii amepata maji ya kujifunzia na nani hakuyapata.

Timu zenyewe ni ndogo kweli. Kwa kanuni za World Aquatics, shirikisho la dunia lililokuwa likiitwa FINA hadi mwaka 2022, nchi isiyo na muogeleaji hata mmoja aliyefikia viwango vilivyowekwa huruhusiwa kupeleka watu wanne, wasizidi wanaume wawili na wanawake wawili. Hiyo ndiyo timu ya taifa. Kila mmoja huogelea peke yake, siku yake, saa yake, na wenzake watatu wanamtazama kutoka viti vya watazamaji. Lakini wanne hao wanatosha kabisa kuunda kikosi cha mbio za kupokezana za mchanganyiko, mita 100 kila mmoja, wanaume wawili na wanawake wawili. Nchi ndogo zinapoingia katika mbio hiyo hushika mkia, aghalabu, na mimi sijui mbio nyingine inayonigusa kama hiyo. Kwa dakika chache watu wanne waliotoka mbali wanakuwa timu, wa mwisho yuko majini na watatu wameinama ukingoni wanampigia kelele.

Nataka uitazame dakika moja kabla ya kuruka. Mwamuzi hupuliza filimbi fupi fupi mfululizo, na waogeleaji huvua makoti na viatu na kuviweka kwenye kikapu nyuma ya jukwaa la kurukia. Filimbi ndefu, wanapanda. Jukwaa limeinamia maji, na kwa nyuma lina kiegemeo cha kukanyagia mguu wa pili. Vidole vya mguu wa mbele vinaushika ukingo. Inakuja amri ya kujiweka tayari, mwili wote unakunjika, na hapo ndipo pa kuogopesha, kwa sababu anayeondoka kabla ya mlio ametolewa. Hapana onyo la kwanza. Mtu amesafiri kutoka Dar es Salaam hadi Fukuoka au Doha, ndugu zake wamekusanyika kwenye simu moja kumtazama, na anaweza kurudi nyumbani bila muda wowote kuandikwa mbele ya jina lake.

Akivuka hapo, linabaki bwawa lenyewe, na bwawa hilo ni la mita 50.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo watu wa mchezo huu wanalijua na wengine wengi hawajaambiwa. Katika bwawa la mita 25, mbio ya mita 100 ina ukuta wa kugeukia mara tatu. Kila ukuta ni msaada. Muogeleaji hujipindua, huusukuma kwa miguu yote miwili, na kwa mita kadhaa huteleza chini ya maji kwa kasi ambayo mikono yake haiwezi kuifikia. Katika bwawa la mita 50 kugeuka ni mara moja tu, na katika mbio ya mita 50 hakuna kugeuka kabisa. Ndiyo maana rekodi za mabwawa hayo mawili hutunzwa mbalimbali. Sasa mchukue kijana ambaye mazoezi yake yote, mwaka baada ya mwaka, yamefanyika kwenye bwawa fupi. Misuli yake imezoea kupata ukuta kila baada ya mita 25. Siku ya mashindano ya dunia anafika pale ukuta ulipopaswa kuwapo na hakuna kitu, ni maji matupu mbele yake. Ukiangalia kwa makini utamwona. Karibu na mita ya 35 kiwiko kinaanza kushuka, mkono unaingia majini ukiwa umetanuka, kichwa kinanyanyuka kidogo kutafuta mwisho. Kichwa kikinyanyuka, miguu inazama. Miguu ikizama, kila mpigo unaofuata unakuwa mzito zaidi. Hajakosa moyo wala juhudi. Amefika mahali ambapo hajawahi kuishi.

Mabwawa yanayobeba mchezo huu Dar es Salaam ni ya mita 25, na mengi yamo ndani ya kuta za shule za kimataifa. Klabu zimeota humo, na nazishukuru, kwani bila walimu na wazazi wale tusingekuwa na bendera yoyote kwenye kofia. Hilal Hilal na Magdalena Moshi walioogelea Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Collins Saliboko na Sophia Latiff walioogelea Paris mwaka 2024, ni watu waliofanya kazi kubwa, na kila sekunde waliyoipunguza ni halali yao. Lakini mlango wa bwawa la shule una bei. Mtoto hulipiwa ada, hulipiwa klabu, hununuliwa miwani na nguo za mashindano, hupelekwa kwa gari alfajiri na kufuatwa jioni. Taifa la watu zaidi ya milioni 60 linachagua waogeleaji wake kutoka familia zinazoweza kubeba hayo yote, na familia hizo ni chache.

Wakati huohuo, nenda Forodhani, Unguja, jioni maji yakijaa. Vijana wanakimbia, wanaruka kutoka ukutani, mmoja kajikunja kama mpira, mwingine kanyooka kama mshale, wanazama, wanaibuka mbali, wanarudi kupanda tena. Wamejifunza wapi? Baharini, kwa kaka zao. Miili yao imezoea maji kuliko ya watoto wengi wanaolipiwa klabu. Bahari imewafundisha kuishi ndani ya maji. Bwawa hufundisha kuyapita, na hilo la pili hakuna anayewafundisha: namna ya kuvuta pumzi upande mmoja bila kuinua kichwa, namna ya kugeuka ukutani, namna ya kuhesabu mipigo. Hakuna anayewashikia saa. Miaka inapita, mabega yanapanuka, na kijana anakuwa nahodha wa boti ya watalii.

Wapo wanaosema nafasi hizi za nchi ndogo ni sadaka, na kwamba mashindano ya dunia yangepaswa kuwa ya waliofikia viwango tu. Nimeisikia hoja hiyo hata kwa watu wanaopenda michezo. Kwa Olimpiki ya Paris, kiwango cha wanaume cha mita 100 mtindo huru kilikuwa sekunde 48.34. Kingetumika hicho peke yake, sehemu kubwa ya Afrika isingeonekana bwawani. Nchi isiyo na aliyefuzu ilipewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, kwa sharti kwamba muogeleaji huyo awe alishiriki mashindano ya dunia ya Fukuoka 2023 au ya Doha 2024. Kwa hiyo ule mchujo wa asubuhi ambao watu wanaupuuza ndio uliokuwa tiketi ya Paris. Asiyeogelea huko hapandi huku.

Na kabla mtu hajasema sadaka, akumbuke alichofanya Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Tarehe 19 Septemba 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, kundi lake la mita 100 mtindo huru lilikuwa na watu watatu tu. Wawili, mmoja wa Niger na mmoja wa Tajikistan, waliondoka kabla ya mlio wakatolewa. Akabaki peke yake mbele ya maelfu ya watu, katika bwawa la urefu ambao hakuwahi kuuona kabla ya kufika Australia. Nyumbani Malabo alikuwa amejifunza kwenye bwawa dogo la hoteli, la kama mita 13, na baharini kwa wavuvi. Aliruka. Mita 50 za kwanza zilikwenda vizuri. Za kurudi, mwili uligoma. Aliyetazama aliona mikono ikipiga maji na mtu hasogei, mpaka uwanja mzima ukasimama kumvuta kwa sauti. Aligusa ukuta kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi alishinda dhahabu ya mbio hiyo kwa sekunde 48.30.

Magazeti ya dunia yalimpa jina la utani na kucheka naye, mengine kumcheka. Wachache waliendelea kumfuatilia. Mtu yule alirudi kwao akafanya mazoezi, na muda wake ukashuka hadi chini ya sekunde 57. Alikata karibu nusu ya muda wake. Mwaka 2004 hakwenda Athens kwa sababu ya mkanganyiko wa viza, kwa hiyo dunia haikuuona mwili ule mpya. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake, na nchi yake ikapata mabwawa ya mita 50. Naamini kwamba dakika zile mbili za Sydney zilileta maji Guinea ya Ikweta kuliko ambavyo hotuba yoyote ingeweza. Nafasi ile ilikuwa mbegu, na ilipandwa kwa mtu aliyekubali kuonekana akihangaika mbele ya dunia ili wanaomfuata wasihangaike vile.

Zipo pia nchi ndogo zilizofika kileleni, na majina yake yanatajwa kila mara kututia moyo. Anthony Nesty wa Suriname alimshinda Matt Biondi wa Marekani kwenye Olimpiki ya mwaka 1988, mita 100 za kipepeo, kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichukua medali 7 za Olimpiki, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Jason Dunford wa Kenya aliogelea mita 100 za kipepeo kwa sekunde 51.14 katika mchujo wa Beijing 2008, rekodi ya Olimpiki ambayo haikudumu hata jioni ile, kisha akawa wa tano katika fainali. Miaka miwili baadaye alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola jijini Delhi. Nawaheshimu wote watatu. Lakini wote watatu waliivia Marekani, kwenye shule na vyuo vyenye mabwawa na makocha. Kenya angalau ina bwawa la mita 50 Kasarani, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Sisi njia yetu ya kupanda hupitia uwanja wa ndege. Anayeweza kusomeshwa ng'ambo anakuwa muogeleaji kamili, na asiyeweza anaachia njiani akiwa na miaka 15 au 16, umri ule ule ambao wenzake wa nchi nyingine wanaanza kazi yenyewe.

Kama ingekuwa habari ya medali tu, nisingeandika haya kwa uchungu. Nchi inaweza kuishi miaka 100 bila medali ya kuogelea.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikikaribia kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora. Kilikuwa kimebaki na kama mita 50 kufika gatini. Watu 228 walikufa. Kivuko kilikuwa kimejaza kupita kiasi, na chombo kikipinduka ghafla kinaweza kumfunika hata anayejua kuogelea, kwa hiyo sitasema kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Sitaki kuwatwisha marehemu lawama isiyo yao. Lakini sijaweza kuutoa umbali ule kichwani. Ni urefu wa bwawa moja. Ni mbio ile ile ambayo msichana wetu huruka na kuimaliza kwa chini ya nusu dakika huku dunia ikitazama kwingine. Watu waliokuwa ndani ya kivuko siku ile waliiona nchi kavu, waliona ndugu zao wamesimama juu yake, na kati yao kulikuwa na maji ya mita 50.

Tangu hapo nimeshindwa kuitenga timu ya taifa na ziwa. Vijana wanne wanaokwenda mashindano ya dunia ndio Watanzania wanaotuwakilisha katika jambo ambalo mamilioni ya Watanzania wanaoishi kando ya maji wanalihitaji ili wasife. Mchezaji wa mpira akikosa kocha, tunakosa mabao. Mtoto wa Ukerewe, wa Kigoma, wa Mafia akikosa mwalimu wa kuogelea, anakosa kitu ambacho siku moja kinaweza kuwa uhai wake.

Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi uitwao Panje ulianza kufundisha kuogelea wanawake na wasichana ambao mila iliwaweka ufukweni wakitazama kaka zao. Wanavaa mavazi yanayositiri mwili mzima na kichwa, na wanafundishwa na wanawake wenzao. Mpiga picha Anna Boyiazis aliwapiga picha zilizopata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018, na katika picha moja mwalimu amesimama majini, mikono yake imembeba msichana aliyelala chali, uso juu, masikio ndani ya maji. Somo la kwanza ni hilo, kuelea. Kuogelea kwa kasi kunakuja baadaye sana, na kwa wengi hakuji, wala si lazima kuje. Msichana yule akishajua kwamba maji yatambeba asipopigana nayo, amepata elimu ambayo hakuna mtihani wa taifa unaoipima.

Kwa maoni yangu timu ya taifa inapaswa kuhesabiwa kuanzia hapo. Wanne waende mashindano ya dunia, ndiyo, na waende kila mara. Nyuma ya kila mmoja wao wawepo maelfu wanaoweza kuelea dakika tano na kuvuka mita 50, hata kwa staili ya mbwa. Hao maelfu wakiwepo, wanne hawatatafutwa tena katika shule chache za Dar. Watajitokeza wenyewe, kutoka Forodhani, kutoka Mwaloni huko Mwanza, kutoka visiwani.

Wakati nao ni mzuri. Mwaka 2026 Dakar inaandaa Olimpiki ya Vijana, mashindano ya kwanza ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika, na kuogelea kumo. Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 itakuwa na mita 50 za mtindo wa chali, wa kifua na wa kipepeo, ambazo zamani hazikuwamo. Kwa nchi yenye mabwawa mafupi hiyo ni habari njema kuliko inavyoonekana, kwa kuwa urefu mmoja wa bwawa unaweza kuandaliwa kwa nguvu na ufundi wa kuruka hata pale ambapo mazoezi ya masafa marefu hayawezekani.

Tunajenga uwanja wa mpira Arusha kwa ajili ya AFCON ya 2027, na sina neno juu yake, mpira ni mpira. Naomba bwawa moja la umma la mita 50, na nisingelijenga Dar es Salaam. Ningelijenga Mwanza, karibu na ziwa, njia nane, bila paa wala marumaru, maji ya kina cha mita 2, na pembeni yake bwawa dogo la maji ya kiunoni kwa wanaoanza. Asubuhi za Jumatatu hadi Ijumaa ziwe za shule za msingi, darasa kwa darasa, bila ada. Jumamosi iwe ya wanawake peke yao, na walimu wanawake. Wahudumu wa vivuko na wavuvi wawe na saa zao, na cheti mwishoni. Jioni zibaki za klabu, na kila mwisho wa mwezi mtu asimame ukingoni na saa mkononi, atangaze kwamba yeyote aliye na umri chini ya miaka 18 na anayeweza kufika upande wa pili aje apimwe muda wake, na majina yaandikwe.